LITA MOJA NI KIASI GANI?

Hapa Buigiri kila mkulima anaijua lumbesa. Gunia linashindiliwa, linaongezwa kilemba juu, na mnunuzi bado analiita gunia moja. Mkulima anapunjwa hapo, kwa sababu gunia si kipimo. Mizani ndiyo kipimo. Kilo moja ya uwele hapa Buigiri ni kilo moja hata Dar es Salaam.

Nyumbani nako tuna lumbesa yetu. Ni kijiko na kikombe.

Majuzi mama mmoja alileta mtoto anayeharisha. Nilimpa pakiti za ORS, ile chumvichumvi ya kuongeza maji mwilini. Nikamwambia, "Mama, changanya pakiti moja na maji lita moja." Akaitikia. Kesho yake alirudi. Mtoto alikuwa na midomo mikavu, analia kwa kiu, na dawa anaikataa. Nikamwuliza mama alipimia chombo gani. Akanionyesha kikombe cha bati! Kosa lilikuwa langu. Nilitaja lita, sikumwonyesha lita. Tulichanganya upya pamoja, tukamnywesha mtoto kidogo kidogo. Jioni akakojoa, nami nikashusha pumzi.

Lita ni kipimo cha vitu vya majimaji. Debe moja ni lita 20. Lita moja ina mililita 1000. Tazama chupa ya maji ya dukani iliyoandikwa 500 ml. Hizo ni mililita 500, yaani nusu lita. Chemsha maji, yaache yapoe. Jaza chupa hiyo mara mbili, mimina katika sufuria safi. Hiyo ndiyo lita moja. Tia pakiti yote, koroga. Pakiti nyingi ni za lita moja, lakini zipo za nusu lita. Soma kwanza. Yanayobaki baada ya saa 24 yamwage.

Maji yakipungua, chumvi inazidi. Chumvi ikizidi huvuta maji ya mwili, mtoto anazidi kukauka, hata degedege inaweza kumpata. Maji yakizidi, dawa inakosa nguvu.

Pakiti zikikosekana, tia katika lita moja ya maji vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Sawazisha kijiko kwa kisu, kisiwe na kilima. Kijiko cha chai cha kupimia huchukua mililita 5. Cha mezani huchukua 15. Ukikosea kijiko, umetia chumvi mara tatu!

Uzito nao ni hivyo hivyo. Vidonge vya mseto vya malaria, ALu, hutolewa kwa kilo. Mtoto wa kilo 14 hupewa kidonge 1 kila anapokunywa dawa. Wa kilo 15 hupewa 2. Ndiyo maana tunampima mtoto kwenye mizani kwanza, hata akipiga kelele zahanati nzima isikie.