Kwa nini mafuta ya Kampala yanategemea matangi ya Mombasa?

Dereva wa bodaboda anayejaza petroli jijini Kampala anategemea bohari ya mafuta ya Kipevu, Mombasa, iliyo umbali wa zaidi ya kilomita 1,000. Uganda haina pwani wala kiwanda cha kusafisha mafuta, hivyo sehemu kubwa ya petroli na dizeli yake hupitia huko.

Meli moja hushusha mamilioni ya lita, ilhali lori hubeba maelfu tu. Matangi hupokea shehena hiyo kwa haraka ili meli isitozwe gharama za kuchelewa, kisha mafuta husukumwa bara kidogo kidogo.

Bomba la Mombasa hadi Nairobi lilianza kazi mwaka 1978, na mwaka 1994 likafikishwa Eldoret na Kisumu. Huko malori hupakia na kuvuka mpaka kupitia Malaba au Busia.

Hata hivyo, njia ikizibwa, matangi yaliyojaa pwani hayana msaada. Januari 2008, ghasia za baada ya uchaguzi nchini Kenya zilisababisha uhaba Uganda. Januari 2022, mgomo wa madereva waliopinga kupimwa Uviko mpakani ulipandisha bei.

Tangu Julai 2024, Shirika la Taifa la Mafuta la Uganda, UNOC, huagiza mafuta kupitia kampuni ya Vitol. Mwagizaji amebadilika, lakini njia kuu ni ile ile. Kinga iliyo karibu zaidi ni akiba ya kutosha ndani ya Uganda yenyewe.