Fizi: Wanafunzi wamebadilika, maktaba za vyuo ziwafuate waliko

Kwa mwanafunzi wa Lulimba, kusini mwa teritware ya Fizi, kuandika kazi ya mwisho wa masomo si swali la akili tu. Ni swali la njia pia. Vitabu anavyovihitaji viko mbali, Bukavu, Uvira au Kalemie, na barabara ya kitaifa namba 5 inayounganisha miji hiyo hugeuka matope wakati wa mvua, na usalama wake si wa kutegemea kila siku. Mwenye pesa anasafiri. Asiye nazo anabaki na silabusi ya profesa, fotokopi ya kazi ya mwenzake wa mwaka jana, na simu yake.

Maktaba nyingi za vyuo vyetu zilipangwa kwa ajili ya msomaji wa zamani: kijana anayeishi karibu na chuo, asiye na kazi nyingine, anayeingia asubuhi na kutoka saa tisa mlango unapofungwa. Msomaji huyo bado yupo, lakini sasa ni mmoja kati ya wengi.

Msomaji wa leo ni nani?

Ni mwalimu wa shule ya msingi anayesoma huku akifundisha. Ni mama ambaye nafasi yake inapatikana jioni, watoto wakishalala. Ni kijana anayeshuka kwenye mashimo ya zahabu upande wa Misisi au Lubichako ili apate pesa ya minervali. Ni mtu aliyekulia kambini Nyarugusu, Tanzania, iliyofunguliwa mwaka 1996. HCR ilianza kuwarudisha wakimbizi kwa meli kutoka Kigoma hadi Baraka mnamo Oktoba 2005, na wengi walirudi na Kiswahili kilichonyooka kuliko Kifaransa chao. Tena kuna wale waliokatishwa masomo baada ya M23 kuingia Bukavu mnamo Februari 2025, wakakimbia bila daftari hata moja.

Watu hawa wote wanadaiwa kitu kilekile na chuo: kusoma, kutafuta, kuandika. Tena wanadaiwa zaidi kuliko zamani. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022, serikali ya Kongo imeeneza mfumo wa LMD katika elimu ya juu. Licence ni miaka mitatu yenye kredi 180, yaani kredi 60 kila mwaka, na katika hesabu ya kredi mna saa za mwalimu na saa za kazi binafsi ya mwanafunzi. Zamani aliyeshika silabusi kwa kichwa aliweza kupita. Sasa anatakiwa akasome mwenyewe. Mahali pasipo na maktaba, saa hizo zimeandikwa kwenye karatasi tu.

Kitabu kinachotembea

Mwaka 1931, mkutubi Mhindi S. R. Ranganathan aliandika kanuni tano za maktaba. Mojawapo inasema mkutubi aokoe muda wa msomaji. Nyingine inasema maktaba ni kiumbe kinachokua. Ukizipima kanuni hizo kwa hali ya Lulimba, maana yake ni wazi: ikiwa msomaji anapoteza siku mbili njiani kwa kurasa kumi, kosa si la msomaji.

Majirani zetu wamelijua hilo. Kaskazini mashariki mwa Kenya, ambako wafugaji huhama na mifugo yao, huduma ya taifa ya maktaba ilianza mwaka 1996 kupeleka vitabu kwa ngamia. Nchini Burundi, mwaka 2014, shirika la Bibliothèques Sans Frontières pamoja na HCR lilipeleka Ideas Box katika kambi za wakimbizi Wakongo. Ni masanduku yenye vitabu, kompyuta na sinema, ambayo hufunguliwa kwa muda wa dakika ishirini hivi na kugeuka maktaba nzima. Wakongo wenzetu ndio walikuwa kati ya watu wa kwanza duniani kuitumia.

Chuo cha Fizi hakihitaji ngamia. Sanduku la vitabu thelathini linalopanda pikipiki siku ya soko, likakaa mwezi mmoja katika shule ya sekondari ya Lulimba kisha likabadilishwa, nalo ni maktaba ya chuo. Kinachotakiwa ni daftari la kuazima na mtu wa kuaminika.

Bila intaneti inawezekana

Jambo la pili ni simu. Wanafunzi wengi wanayo, lakini megabaiti ni ghali na mtandao hukatika. Programu ya Kiwix, iliyoanzishwa mwaka 2007, inaruhusu kuhifadhi Wikipedia nzima ya Kifaransa au ya Kiswahili ndani ya kadi ya kumbukumbu, na kuisoma bila intaneti. Kifaa kidogo kinachokula umeme wa sahani moja ya jua kinaweza kusambaza maandiko hayo kwa simu zote zilizomo chumbani, bila mtu kulipa hata franka moja ya mtandao.

Kuna pia Research4Life, mpango ulioanza mwaka 2002 kwa majarida ya afya, ukafuatwa na kilimo, mazingira, teknolojia na sheria. Kongo ni miongoni mwa nchi ambazo vyuo vyake huupata bure. Lakini anayejiandikisha ni chuo, wala si mwanafunzi. Uongozi usipojaza fomu, mlango unabaki umefungwa hata kama hauna kufuli. Majarida mengi humo ni ya Kiingereza. Kwa Kifaransa, tovuti ya Persée hutoa bure mamia ya majarida ya zamani. Mkutubi anaweza kwenda mjini mara moja kwa mwezi, akapakua yaliyoombwa na wanafunzi, akarudi nayo kwenye flash.

Hazina iliyo kabatini

Jambo la tatu halinunuliwi. Kila mwaka wanafunzi wa Fizi na Baraka wanaandika kuhusu uvuvi wa ziwa Tanganyika, zahabu, muhogo, migogoro ya mashamba, uzazi, wakimbizi wa Lusenda. Baada ya utetezi, kazi hizo hufungiwa kabatini, zikaliwa na mchwa au kulowa. Ni aibu, kwa sababu mara nyingi hakuna kitabu kingine kinachosema habari za kijiji hicho. Kuzipiga picha kwa simu, kuzipanga kwa mada na mwaka, na kuandika muhtasari wa kila moja kwa Kiswahili, ndiyo akiba ya kwanza ambayo chuo cha hapa kinaweza kuwa nayo na ambayo Kinshasa haina.

Kazi ya mkutubi nayo imebadilika. Mwanafunzi wa leo anaweza kuiuliza programu ya akili bandia, nayo ikamjibu kwa lugha nzuri na kumtajia vitabu ambavyo havijawahi kuandikwa. Akiviweka katika kazi yake, siku ya utetezi ataaibika. Anahitaji mtu wa kumfundisha kuhakikisha: kitabu hiki kipo? Nani alikiandika? Ukurasa gani? Somo hilo la saa mbili linaweza kuokoa mwaka mzima wa masomo.

Yote haya hayangoji jengo jipya. Yanangoja uamuzi wa kamati ya chuo: maktaba ifunguliwe jioni na Jumamosi kwa wanaofanya kazi, mkutubi alipwe kama mfanyakazi kamili, na sehemu ya minervali iende kwenye vitabu na ijulikane hadharani. Wanafunzi na wazazi wana haki ya kuuliza swali moja kabla ya kulipa: mwaka jana, maktaba ilipata nini kutokana na pesa yetu?