Kambi ya Anga Ng'ambo: Kazi Ilivyo, na Uongo wa "Ardhi ya Marekani"

Kambi ya anga ya Al Udeid, kubwa kuliko zote zinazotumiwa na jeshi la Marekani Mashariki ya Kati, iko jangwani kusini-magharibi mwa Doha, mji mkuu wa Qatar. Aliyeijenga ni serikali ya Qatar, kwa fedha zake, katika miaka ya 1990. Ndege za Marekani zilianza kuitumia kwa wingi mwaka 2001, na mwaka 2003 kituo kinachoongoza operesheni za angani za eneo zima kikahamia hapo kutoka Saudi Arabia. Wanajeshi wa Marekani waliopo hapo huwa karibu 10,000.

Jeshi hilo, likiwa ng'ambo, halijipikii, halijifulii wala halizoi taka zake lenyewe. Kazi hizo hupewa makampuni kwa zabuni, nayo makampuni huajiri watu wa nchi za tatu, yaani wasio Wamarekani wala wenyeji wa nchi yenye kambi: Wanepali, Wahindi, Wafilipino, Wakenya, Waganda. Walinzi kutoka Uganda walianza kupelekwa Iraq mwaka 2005. Mwanzoni mwa 2012, Afghanistan peke yake ilikuwa na zaidi ya wafanyakazi 100,000 wa makandarasi wanaolipwa kwa fedha za wizara ya ulinzi ya Marekani.

Zamu kwa kawaida ni ya saa 12, siku sita kwa wiki, na kazi zikizidi ni saba. Bwalo la chakula hufunguliwa mara nne, kwa sababu ndege haziruki kwa saa za ofisi: kuna mlo wa usiku wa manane kwa ajili ya mafundi na marubani wa usiku. Mpishi wa mlo huo hulala mchana, ndani ya chumba cha kontena chenye kiyoyozi, pamoja na wenzake wa zamu ileile. Mlangoni mwa bwalo kuna safu ya mabeseni, na hakuna anayepita bila kunawa, kwa kuwa tumbo la kuhara likiingia kambini husimamisha kazi ya kikosi kizima ndani ya siku mbili.

Eneo la kuegesha ndege lina nidhamu yake, na mgeni huishangaa. Injini ya ndege hufyonza hewa kwa nguvu inayoweza kunyanyua kokoto sakafuni, na kokoto moja au skrubu moja ikishaingia huharibu mapanga ya injini yenye thamani ya mamilioni ya dola. Kwa hiyo watu hupangwa mstari mmoja, bega kwa bega, wakatembea polepole macho yakiwa chini, wakiokota kila kisichotakiwa kuwapo: kipande cha waya, nati, kizibo cha chupa. Dereva wa gari la mafuta akifika mpakani mwa eneo hilo husimama, hushuka, hukagua matairi yote na kung'oa vijiwe vilivyonasa kwenye mifereji ya mpira kabla ya kuendelea. Kofia haivaliwi humo. Kila spana ya fundi ina umbo lake lililochongwa ndani ya sanduku, na mwisho wa zamu nafasi moja ikiwa tupu, ndege iliyotengenezwa hairuki mpaka spana hiyo ionekane. Mstari mwekundu uliopakwa chini hauvukwi bila beji yenye ruhusa ya eneo husika. Anayeuvuka hulazwa kifudifudi na askari wenye bunduki, hata kama ni mfagiaji aliyezoeleka.

Adui wa kila siku ni joto. Majira ya kiangazi Qatar hupita nyuzi 45, na kambi hutumia bendera za rangi kueleza hali. Kinachopimwa ni mchanganyiko wa joto, unyevu na jua. Kipimo hicho kikifika takriban 32 hupandishwa bendera nyeusi, na hapo mwongozo wa jeshi kwa kazi nzito ni dakika 10 za kazi na dakika 50 za kupumzika kivulini. Sheria ya Qatar nayo, tangu 2021, inakataza kazi za nje juani kati ya saa 4:00 asubuhi na saa 9:30 alasiri, kuanzia Juni 1 hadi Septemba 15. Mwili mgeni huhitaji wiki moja hadi mbili kuzoea, na wanaoanguka kwa joto mara nyingi ni wale waliofika juzi na kutaka kuonyesha bidii.

Haya ndiyo mambo ambayo mtu anayefikiria kazi hiyo angepaswa kuyauliza. Badala yake swali linalorudi bila kuchoka ni jingine: je, kwa kuwa kambi ni ardhi ya Marekani, mtu akifanya kazi humo miaka miwili atapata lini karatasi za kuishi Marekani? Na mama akijifungulia humo, mtoto si Mmarekani?

Jibu la yote mawili ni hapana, kwa sababu msingi wa swali ni uongo. Kambi ya kijeshi ya ng'ambo si ardhi ya Marekani. Haijawahi kuwa. Jeshi la kigeni hukaa mahali kwa mkataba na mwenye nchi, na mkataba huo ni ruhusa ya kutumia eneo, mara nyingine kwa kodi. Djibouti, kwa makubaliano ya 2014, hulipwa na Marekani zaidi ya dola milioni 60 kwa mwaka kwa ajili ya kambi ya Lemonnier. Hakuna anayelipia pango shamba lake mwenyewe. Al Udeid yenyewe inatosha kuuvunja uongo huu: ni kambi ya jeshi la anga la Qatar, na ndani yake kuna Wamarekani na pia kikosi cha jeshi la anga la Uingereza. Kama bendera ya mgeni ingegeuza ardhi, eneo hilohilo lingekuwa nchi tatu kwa wakati mmoja.

Wanaoutetea uongo huo hupenda kutaja Guantanamo, kambi iliyoko Cuba. Mfano huo unawageuka. Mkataba wa 1903 uliowapa Wamarekani eneo hilo unasema wazi kwamba mamlaka ya mwisho juu ya ardhi hiyo ni ya Cuba. Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 2008 iliwaruhusu wafungwa wa Guantanamo kupinga kifungo chao mbele ya mahakama za Marekani, lakini kupewa haki ya kusikilizwa na jaji ni jambo moja, na kuwa umekanyaga ardhi ya Marekani kwa hesabu ya uraia ni jambo jingine kabisa. Wengine hutaja ubalozi. Ubalozi nao si ardhi ya nchi iliyoutuma. Una kinga tu, wenyeji hawaingii bila ruhusa.

Kuhusu mtoto, suala limeshafika mahakamani, na kesi yenyewe inagusa Afrika Mashariki. Mwaka 1986 alizaliwa mtoto katika hospitali ya kijeshi ya Marekani mjini Frankfurt, Ujerumani. Baba alikuwa askari wa Marekani, raia wa kuandikishwa mwenye asili ya Jamaika. Mama alikuwa Mkenya. Baba alikuwa hajatimiza miaka ya kuishi Marekani ambayo sheria ya wakati huo ilimtaka mzazi awe nayo ili kumrithisha uraia mtoto anayezaliwa nje. Mtoto huyo alihamia Marekani angali mdogo, akakulia huko kama mkaazi, na alipokuwa mtu mzima akaingia matatani na sheria. Akadai hawezi kufukuzwa, kwa sababu amezaliwa ndani ya kambi ya Marekani, na Marekebisho ya 14 ya Katiba, ya mwaka 1868, yanampa uraia kila anayezaliwa Marekani. Mwaka 2015 mahakama ya rufaa ilimjibu kwamba kambi iliyoko Ujerumani haiko Marekani kwa maana ya kifungu hicho. Alipelekwa Jamaika, nchi ya baba yake, ambako hakuwa amezaliwa. Huyo alikuwa na baba askari na raia. Mtoto wa mfanyakazi wa kufua nguo atadai nini?

Kazi ya kambini haimsogezi mtu karibu na kibali cha kuishi Marekani pia. Viza maalumu zinazozungumzwa mitaani zilitungwa kwa ajili ya Wairaqi, kwa sheria ya 2008, na Waafghani, kwa sheria ya 2009, waliolitumikia jeshi hilo na maisha yao yakawa hatarini katika nchi zao. Mkenya aliyekaa kambi ya Bagram, Afghanistan, miaka minane hakuwa na haki hata ya kujaza fomu hiyo. Ipo njia nyingine ya zamani, ya watumishi wa serikali ya Marekani walioko nje, lakini hiyo inataka angalau miaka 15 ya utumishi wa uaminifu katika mazingira ya kipekee, na mwajiri awe serikali yenyewe. Mkandarasi si serikali. Beji yenye nembo ya jeshi shingoni haimbadilishi mwajiri anayetajwa kwenye mkataba.

Kujiunga na jeshi hilo kupitia kambi nako hakuna. Kwa kawaida anayeandikishwa lazima awe raia au awe na kibali cha ukaazi wa kudumu. Mpango ulioidhinishwa mwishoni mwa 2008 wa kuwachukua wageni wenye ujuzi adimu uliwahusu waliokuwa tayari Marekani kihalali, na uliacha kupokea watu mwaka 2016. Hata kima cha chini cha mshahara cha Marekani hakivuki bahari: sheria yenyewe inazitoa kazi zinazofanywa katika nchi ya kigeni. Huko Qatar kinachotumika ni sheria ya Qatar, ambayo tangu Machi 2021 imeweka kima cha chini cha riyal 1,000 kwa mwezi, pamoja na 500 za malazi na 300 za chakula pale mwajiri asipovitoa mwenyewe.

Uongo huu haukui wenyewe. Unalishwa na mawakala, kwa sababu ndio unaowafanya watu wauze kiwanja ili walipe "ada ya nafasi." Kwa mishahara inayotolewa, hakuna mtu mwenye akili timamu angelipa fedha nyingi hivyo kwa ajili ya kuosha masufuria; watu hulipa kwa kuamini ananunua mlango wa Marekani. Hapo ndipo hasira inapostahili, maana ada yenyewe ni haramu kwa kanuni za Marekani. Tangu 2015 kanuni za ununuzi za serikali hiyo zinamkataza mkandarasi, pamoja na wakala anayemtumia, kumtoza mfanyakazi ada yoyote ya kuajiriwa. Mwaka 2019 maana ya "ada" ilipanuliwa ili pasibaki mwanya: vipimo vya afya, viza, pasipoti, hata picha, vyote vimehesabiwa humo. Anayedai fedha ili kumpeleka mtu kwenye kambi ya Marekani ama hana kazi ya kutoa, au anayo na anaiuza kinyume cha kanuni. Hakuna aina ya tatu.

Kwa anayeitaka kazi ikiwa kazi tu, mambo ya kufanya ni haya. Leseni ya wakala ihakikiwe kabla ya lolote: Kenya ni kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, Tanzania kwa TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira, Uganda kwa wizara inayosimamia kazi. Mkataba udaiwe kwa maandishi, kwa lugha inayoeleweka, angalau siku tano kabla ya safari. Kanuni hizohizo za Marekani zinaagiza hivyo. Usomwe jina la mwajiri, mshahara, saa, malazi, na nani analipa nauli ya kurudi, ambayo kwa aliyeletwa kutoka nje ni jukumu la mwajiri. Nakala ibaki nyumbani kwa mtu anayeaminika. Pasipoti isikabidhiwe kwa kuhifadhiwa. Mwajiri kuizuia ni kosa. Ukishafika, kwa sababu ya kelele za injini, vizibo vya masikio vivaliwe hata kama wenzako hawavivai. Malalamiko yapelekwe kwa namba ya mkaguzi mkuu wa wizara ya ulinzi, ambayo bango lake hutakiwa kubandikwa kambini.

Limebaki jambo moja ambalo mawakala hawalisemi kamwe, na ndilo lenye thamani ya kweli: bima. Kambi hushambuliwa, na raia wamo ndani. Januari 5, 2020, Al-Shabaab walivamia uwanja wa ndege wa kijeshi wa Manda Bay, Lamu, nchini Kenya, wakaua Wamarekani watatu: mmoja askari, wawili wafanyakazi wa kandarasi. Juni 23, 2025, Iran ilirusha makombora kuelekea Al Udeid. Ajali za kawaida, za forklifti, za mafuta, za joto, ni nyingi kuliko hizo. Sheria ya Marekani ya 1941 ya fidia kwa wafanyakazi wa kambi za ng'ambo inamlazimu kila mkandarasi kuwakatia bima wafanyakazi wake wa nje, wa taifa lolote. Anayeumia hutibiwa kwa gharama ya bima hiyo, na akishindwa kabisa kufanya kazi hulipwa theluthi mbili za wastani wa mshahara wake wa wiki. Akifa, mjane na watoto hulipwa. Kwa asiye raia wala mkaazi wa Marekani, malipo ya muda mrefu yanaweza kugeuzwa kuwa mkupuo wa nusu ya thamani yake, nao huo ni upungufu halisi ambao familia inapaswa kuujua mapema.

Taarifa ya kuumia hutolewa kwa mwajiri kwa maandishi ndani ya siku 30, na dai lenyewe hufunguliwa ndani ya mwaka mmoja. Anayesafiri aiachie familia yake jina kamili la kampuni, namba ya mkataba na tarehe ya kuanza kazi, maana bila hayo mjane hana pa kuanzia.