Kinanda Kinachotangulia Kulia

Kariakoo huhitaji kuitazama filamu ili uijue. Simama kwenye kibanda cha kujaza muvi kwenye flashi, Mtaa wa Kongo, umeipa skrini mgongo, unabishana na muuzaji bei ya chaja. Kinanda kikianza kuvuta taratibu, kuna mtu kafiwa. Kikishtuka kwa kishindo, mume karudi safari bila taarifa.

Wanaoucheka muziki huo wa Bongo muvi ni wengi, nami nimo. Ubaya wake ni kwamba hulia kabla ya mwenye msiba: mama hajapokea hata simu, kinanda kishamaliza machozi yote. Akija kulia yeye, sisi tumeshachoka.

Lakini kuifuata hadithi kwa sikio hatukuanza jana. Kumbi za sinema za Dar es Salaam, Empire, Avalon na Odeon, zilijaa watu wasiojua neno la Kihindi. Katika Awaara ya 1951, Raj Kapoor alifungua mdomo ikatoka sauti ya Mukesh, kwa tuni za Shankar na Jaikishan, na mtu wa Gerezani akaelewa kwamba huyu hana kwao. Wapendanao waliambizana yote ndani ya wimbo. Bila wimbo, filamu ile ingekuwa watu wanaotazamana tu.

Tuni zenyewe hazikubaki ukumbini. Kule Mombasa, mwimbaji wa taarabu Juma Bhalo alizichukua akazivika mashairi ya Kiswahili, mengi yakiwa ya nduguye Ahmad Nassir. Sitashangaa akiwapo aliyeiona filamu baadaye akaapa kwamba Mhindi ndiye aliyeiba.

Hata Bongo muvi imewahi kuutia muziki ndani ya hadithi: filamu ya Girlfriend ya George Otieno Tyson, ya 2003, iliwaingiza wasanii wa Bongo Fleva, TID akiwamo, wakawa wao ndio hadithi. Na katika Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, ya 2021, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, yumo Siti Amina, mwanamuziki hasa. Yasmin, mhusika anayeikimbia ndoa, anapokewa Ng'ambo ya Zanzibar kwa taarabu ya Siti. Pale hakuna kinanda cha kutuamuru tuhuzunike.

Jumamosi iliyopita, kibandani, mzee mmoja alitaka filamu asiyoikumbuka jina. Kijana akamwambia, "Imba kidogo, mzee wangu." Mzee akakohoa, akaanza. Hakufika mbali, flashi ikawa imeshachomekwa.