ZIWA VICTORIA LILIWAHI KUKAUKA

Wengi wanaoishi kando ya Ziwa Victoria wanaamini kwamba ziwa hili lilikuwapo tangu dunia ilipoumbwa. Babu zao walivua humo, na babu wa babu zao pia. Siyo ajabu kuamini hivyo. Ziwa lina eneo la kilometa za mraba karibu 69,000. Ukisimama Musoma huioni Bukoba, hata uwe na macho ya kipanga.

Lakini wataalamu wa elimu ya ardhi wamegundua jambo la kushangaza. Miaka kama 17,000 iliyopita ziwa hili lilikauka. Siyo kwamba maji yalisogea kidogo kutoka ufukweni. Lilikauka mpaka katikati. Pale panapopita meli leo palikuwa nchi kavu. Mtu angeweza kutoka Musoma kwenda Bukoba kwa miguu yake, na Ukerewe ilikuwa kilima tu kama vilima vingine.

Je, wamejuaje? Na maji yalikwenda wapi? Hebu tuyaangalie maswali hayo.

BARAFU YA MBALI

Zamani hizo dunia ilikuwa katika wakati unaoitwa enzi ya barafu. Barafu ni maji yaliyoganda kwa baridi. Karibu nchi yote ya Kanada, na sehemu kubwa ya Ulaya ya kaskazini, zilikuwa zimefunikwa na barafu. Mahali pengine unene wake ulifika kilometa 3. Maana yake ni kwamba barafu hiyo ilizidi nusu ya kimo cha Mlima Kilimanjaro.

Barafu yote hiyo ilitoka wapi? Ilitoka baharini. Maji ya bahari yalipanda juu kama mvuke, yakaanguka kama theluji huko kwenye baridi, na hayakuyeyuka. Yakalundikana mwaka baada ya mwaka. Basi bahari ikashuka, ikawa chini ya kimo cha leo kwa mita 120 hivi. Hata kisiwa cha Unguja kiliungana na bara. Pemba haikuungana, kwa sababu mkondo wa bahari unaoitenga na bara una kina kirefu mno.

Huku kwetu barafu ilikuwa milimani tu, lakini ilishuka chini kuliko leo. Mwaka 1962 mtaalamu mmoja wa Marekani, Daniel Livingstone, alitangaza matokeo ya kuchunguza tope la Ziwa Mahoma katika milima ya Ruwenzori, Uganda. Ziwa hilo dogo liko chini sana ya mahali palipo na barafu leo. Kumbe zamani barafu ilifika mpaka hapo, kisha ikaanza kurudi juu zaidi ya miaka 15,000 iliyopita.

Nchi yetu ilikuwa na baridi kuliko sasa, kwa nyuzi 4 hivi. Lakini baridi peke yake haikaushi ziwa. Kilicholikausha ni ukame. Bahari ikiwa baridi hutoa mvuke mchache, na mvuke ukiwa mchache, mawingu ya mvua huwa machache. Kisha lilitokea jambo jingine. Mapande makubwa ya barafu yalimeguka kule kaskazini, yakaelea katika bahari ya Atlantiki na kuyeyuka humo. Maji hayo ya baridi yakavuruga mikondo ya bahari. Pepo za msimu, zile zinazoleta mvua, zikadhoofika. Ukame ukaenea kutoka Afrika mpaka bara la Asia.

HESABU YA MAJI

Mtu anaweza kuuliza: ziwa kubwa namna hii linakaushwaje na ukame? Tupige hesabu kidogo.

Watu wengi hudhani kwamba maji ya Ziwa Victoria yanaletwa na mito, kama vile Kagera, Mara na Nzoia. Mito hiyo inaleta maji, ndiyo. Lakini sehemu kubwa zaidi, kama sehemu 8 katika kila 10, ni mvua inayoanguka juu ya ziwa lenyewe. Na maji mengi hayatoki kwa Mto Naili pale Jinja. Yanachukuliwa na jua na upepo, yakawa mvuke.

Kila mwaka jua huchukua maji ya kimo cha mita 1 na nusu hivi kutoka ziwani. Sasa, ziwa hili ni pana lakini halina kina kirefu. Mahali penye kina kirefu kuliko pote ni mita 80 hivi. Ziwa Tanganyika lina kina cha zaidi ya mita 1,400, kwa hiyo haya si maziwa ya kulinganishwa. Haya, chukua 80 ugawe kwa 1 na nusu. Jibu ni miaka 53. Kama mvua ingekatika kabisa na mito yote ikakauka, mtoto aliyezaliwa siku hiyo angeweza kuona mwisho wa ziwa kabla hajawa mzee sana.

Bila shaka mvua haikukatika kabisa. Ilipungua tu, na kwa hiyo kukauka kulichukua muda mrefu zaidi. Lakini hesabu hiyo inatuonyesha jinsi ziwa hili linavyoishi kwa mvua.

TOPE LINA HABARI

Chota maji ya mto wakati wa masika, uyaweke mtungini, uyaache yatulie usiku kucha. Asubuhi utakuta tope chini. Kesho yake ongeza maji mengine ya mto. Tope la pili litakaa juu ya lile la kwanza. Ziwani ni vivyo hivyo. Tope la mwaka huu liko juu, la zamani liko chini. Mwenye kulitoa bila kulivuruga ataweza kusoma habari za zamani, kama mtu anayefungua kitabu kutoka ukurasa wa mwisho kurudi wa kwanza.

Wataalamu hutumia bomba refu la chuma. Hulididimiza katika tope kutoka kwenye chombo, kisha hulivuta juu likiwa limejaa. Tope hilo hupasuliwa kwa urefu na kuchunguzwa kipande kwa kipande. Ndani yake mna chavua, yaani ule unga mwembamba wa maua, ambao haupotei haraka. Chavua ya nyasi haifanani na chavua ya mti. Kwa hiyo mtaalamu mwenye darubini anajua kama wakati ule palikuwa na mbuga au msitu.

Mwaka 1969 mtaalamu Robert Kendall alitangaza matokeo ya tope lililotolewa katika Ghuba ya Pilkington, upande wa Uganda. Chini kabisa chavua ya nyasi ilikuwa nyingi. Juu yake chavua ya miti ya msituni iliongezeka. Alionyesha pia kwamba zamani maji yalikuwa yameshuka hata hayakuweza kutoka kwenda Mto Naili. Lakini ghuba iko kando ya ziwa. Palibaki swali: je, katikati nako kulikauka?

Mwaka 1995 kikundi cha Thomas Johnson, wa Chuo Kikuu cha Minnesota huko Marekani, kilikwenda katikati. Kwanza walipiga sauti kuelekea chini na kupima mwangwi wake. Ni kama vile unavyopiga kelele mbele ya jabali na sauti ikakurudia. Mwangwi ulionyesha kwamba chini ya tope laini kuna tabaka gumu, nalo limeenea ziwa zima, hata kwenye kina kirefu. Bomba lilipofika hapo lilileta udongo mkavu, mgumu, wenye vijizizi vya mimea. Ulikuwa udongo wa aina ya mbuga, ule unaopasuka nyufa wakati wa kiangazi. Wakulima wa Usukuma wanaufahamu sana. Udongo wa namna hiyo haufanyiki chini ya maji.

Umri wake ulipimwa kwa kaboni. Kila kilicho hai kina kaboni, na sehemu ndogo ya kaboni hiyo hupungua yenyewe baada ya kufa. Kila baada ya miaka 5,730 inabaki nusu ya ile iliyokuwapo. Ukipima iliyobaki, unajua muda uliopita. Kwa njia hiyo wataalamu wanaona kwamba maji yalirudi kati ya miaka 17,000 na 15,000 iliyopita. Juu ya mwaka hasa bado wanashindana kidogo, na si vibaya.

Tena, ukame huo haukuwa wa kwanza. Katika kisiwa cha Rusinga, Kenya, imechimbuliwa mifupa ya wanyama wa nchi kavu, wa zamani zaidi ya miaka 33,000. Kati yao yumo pundamilia wa aina ambayo leo inaishi katika ukame wa kaskazini mwa Kenya.

FURU WALITOKA WAPI?

Wavuvi wanawajua furu, wale samaki wadogo wa rangi nyingi. Ziwa hili lilikuwa na aina zao zaidi ya 500, na hazipatikani mahali pengine. Kwa sababu hiyo baadhi ya wataalamu wa samaki walibisha. Walisema: kama ziwa lilikauka, aina 500 zilitokeaje kwa miaka 15,000 tu? Swali lao lilikuwa zuri.

Jibu limepatikana kwa kuchunguza chembe za urithi za samaki hao. Wazazi wa furu waliishi katika mito na mabwawa ya jirani. Walikuwa wa koo mbalimbali zilizochanganyika, kama mbegu za mahindi zinapochanganyika shambani. Ziwa lilipojaa waliingia, na uzao wao wenye damu nyingi ukagawanyika upesi: wengine wa kula konokono, wengine wa kula majani ya majini, wengine wa kula samaki wenzao. Inasikitisha kwamba sangara, walioletwa ziwani katika miaka ya 1950, waliwamaliza wengi wa furu hao kufikia miaka ya 1980.

Maji yaliporudi yalijaa mpaka yakafurika pale Jinja, na Mto Naili ukapata tena maji ya Victoria baada ya kuyakosa kwa muda mrefu.

Kupanda na kushuka hakujaisha. Baada ya mvua kubwa za 1961, ziwa lilipanda zaidi ya mita 2 kufikia 1964. Mwaka 2006 lilishuka sana, kwa ukame na kwa maji mengi yaliyofunguliwa kwenye mabwawa ya umeme ya Jinja, hata mitumbwi ikabaki kwenye matope. Mwaka 2020 lilipanda kupita kidogo alama ya 1964, likafunika nyumba, mashamba na mialo. Kati ya 2006 na 2020 tofauti ilikuwa mita 3 hivi. Kimo hicho kimekuwa kikiandikwa kwenye vipimo vya kando ya ziwa, upande wa Uganda, tangu mwaka 1896.