Dripu iliyoaminiwa kabla ya kupimwa

Kwenye wodi za watoto za kwetu, ndugu wa mgonjwa hupima uzito wa matibabu kwa dripu. Mtoto akilazwa bila kutundikiwa, minong'ono inaanza: hospitali gani hii, mtoto yuko hoi na hata chupa moja hawajamwekea? Jirani yangu mmoja aliwahi kumhamisha mwanawe kwa sababu hiyo tu. Simlaumu. Kwa miaka mingi madaktari nao waliamini jambo linalofanana na lake, ila wao walilisema kwa mililita.

Imani yenyewe ilikuwa hivi. Mtoto akiletwa na homa kali, amelegea au anapumua kwa taabu, mikono na miguu imepoa, ujue damu haizunguki vizuri. Basi mwingizie maji kwenye mshipa, mengi na ya haraka, mililita 20 kwa kila kilo ya uzito wake, ikibidi 40 au zaidi, ndani ya saa ya kwanza. Mishipa ikijaa, mapigo yatapata nguvu. Hoja hii inaingia akilini upesi, kama habari ya bomba lisilo na presha, na nadhani wepesi wake ndio ulioikinga isiulizwe maswali.

Haikuzuka hivi hivi. Mwaka 1832 kipindupindu kilipoivamia Uingereza, daktari Thomas Latta wa Leith, Scotland, aliwaingizia maji ya chumvi mishipani wagonjwa waliokauka kwa kuharisha, na baadhi yao wakazinduka mbele ya macho yake. Hapo mantiki haina kasoro: mgonjwa amepoteza maji, mrudishie. Lakini mtoto mwenye malaria kali, au mwenye bakteria kwenye damu, hajapoteza maji kwa namna ile. Imani ilihama kutoka kwa mgonjwa huyu kwenda kwa yule, na njiani hakuna aliyeisimamisha kuikagua. Utafiti uliotajwa sana kuitetea kwa upande wa watoto ulifanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 1991. Ulionyesha kwamba waliopata maji mengi zaidi katika saa ya kwanza walipona zaidi. Watoto wote waliofuatiliwa walikuwa 34. Hao hawajazi basi moja la kwenda mkoani. Tena hakuna aliyepigiwa kura apewe kiasi gani; kila mmoja alipewa kile ambacho daktari wake aliona kinafaa.

Sasa tuje pwani. Huko Kilifi, Kenya, Kathryn Maitland na wenzake walikuwa wakiwatibu watoto wenye malaria kali, na mwaka 2005 walitoa matokeo ya jaribio dogo. Kati ya watoto 56 waliopewa albumini, yaani maji yenye protini ya damu, walifariki 2. Kati ya 61 waliopewa maji ya chumvi ya kawaida, walifariki 11. Mtu yeyote angesema jibu limepatikana, albumini iagizwe. Wao wakaona idadi ni ndogo, turudie kwa ukubwa unaostahili.

Ndipo ulipozaliwa utafiti ulioitwa FEAST, ulioanza Januari 2009 katika hospitali sita: Kilifi, Teule ya Muheza, mkoani Tanga, na nne za Uganda, yaani Mulago, Mbale, Soroti na Lacor kule Gulu. Miongoni mwa viongozi wake alikuwemo Profesa Sarah Kiguli wa Chuo Kikuu cha Makerere. Jambo moja husahaulika hadithi hii inaposimuliwa: watafiti hawa hawakuanza kwa kuipinga dripu ya haraka. Walitarajia ishinde. Walitaka pia kujua kama albumini itaishinda chumvi. Kundi la tatu, la watoto wasiopewa maji ya haraka kabisa, liliwekwa kwa kuwa hayo ndiyo yaliyokuwa matibabu ya kawaida katika hospitali nyingi za Afrika, ambako vifaa na wauguzi havitoshi. Kwa maneno mengine, waliacha mlango wazi ambao wao wenyewe hawakufikiri mtu atapitia.

Tazama kazi ilivyokuwa. Mtoto anafikishwa mapokezi mikononi mwa mama. Muuguzi anabana ncha ya kidole chake mpaka iwe nyeupe, anaachia, kisha anahesabu sekunde hadi wekundu urudi. Zikifika tatu au zaidi, hiyo ni dalili. Anashika mguu na kupandisha mkono taratibu kuelekea goti, akitafuta ubaridi unaishia wapi. Mzazi anaelezwa na kuombwa ridhaa. Kama hali ni ya kufa na kupona, anakubali kwa mdomo na karatasi zinafuata baadaye. Kisha inachukuliwa bahasha iliyofungwa, isiyopitisha mwanga, yenye namba inayofuata katika mpangilio, si ile ambayo mkono umeipenda. Inafunguliwa. Ndani yake kuna jibu: albumini, chumvi, au matone ya taratibu tu. Kila mtoto, wa kundi lolote, alipata pia dawa za maambukizi au za malaria kadiri ya ugonjwa wake, na damu akihitaji.

Lengo lilikuwa kuandikisha watoto 3,600. Januari 2011, walipofika 3,141, kamati huru iliyokuwa ikichungulia takwimu ilishauri uandikishaji usimame. Ndani ya saa 48 tangu kila mtoto aandikishwe, walikuwa wamefariki watoto 111 kati ya 1,050 wa albumini, 110 kati ya 1,047 wa chumvi, na 76 kati ya 1,044 wa matone ya taratibu. Albumini na chumvi zilitoka sare. Mlango ule wa tatu ndio uliopitisha watoto wengi zaidi wakiwa hai: katika kila watoto 100 waliopewa maji ya haraka, walikufa watatu zaidi.

Walipochambua zaidi, katika ripoti ya mwaka 2013, watafiti walikuta kitu ambacho kwangu ni kizito kuliko hesabu ya vifo. Baada ya saa moja, watoto wa maji ya haraka walionekana nafuu zaidi. Dalili za mzunguko mbaya wa damu zilikuwa zimeondoka kwa asilimia 43 yao, na kwa asilimia 32 tu ya wale wengine. Fikiria basi daktari mzoefu, mkweli, aliyetibu watoto miaka ishirini. Anafungulia dripu, miguu inapata joto, mama anashusha pumzi. Alfajiri mtoto anafariki. Daktari ataulaumu ugonjwa. Na ataulaumu kwa haki, kwa kadiri macho yake yalivyoona, maana kando ya kitanda hayupo mtoto yule yule aliyenyimwa maji ili awalinganishe. Uzoefu wake wote ungezidi kumfundisha kosa.

Kwa nini maji yaliua? Wengi walidhani mapafu au ubongo vilijaa. Uchambuzi wa 2013 ulionyesha kwamba vifo vya ziada vilitokana hasa na moyo na mzunguko wa damu kuporomoka. Zipo dhana zaidi ya moja, mojawapo ikiwa kwamba mwili unapobana mishipa ya mikono na miguu huwa unajilinda, na maji ya ghafla yanaivuruga kinga hiyo.

Upinzani ulikuja, na haukuwa wa kijinga. Wakosoaji walisema wengi wa watoto wale hawakutimiza masharti yote ya Shirika la Afya Duniani, yaani WHO, ya kuhesabiwa kuwa katika hali mbaya kabisa ya mzunguko wa damu. Wengine wakasema ni mambo ya hospitali zisizo na mashine za kupumulia. Mwongozo wa WHO ulibadilika mwaka 2016: mtoto mwenye homa akiwa na dalili moja au mbili tu kati ya tatu za mzunguko mbaya wa damu asipewe maji ya haraka, na mwenye zote tatu apewe kwa kiasi kidogo na kwa uangalifu. Mwaka 2017 yakatoka matokeo ya Lusaka, Zambia, kwa watu wazima 209 wenye maambukizi makali na presha iliyoshuka, wengi wao wakiishi na virusi vya Ukimwi. Waliopewa maji mengi mapema walifariki asilimia 48. Waliotibiwa kwa utaratibu wa kawaida, 33.

Watu wa makundi ya WhatsApp wanaotuhimiza tuhoji kila kitu, kuanzia chanjo, huipenda sana mifano ya wataalamu kukosea. Waichukue basi na bahasha yake. Waliofanya FEAST walikuwa wameandika mapema watahesabu nini na lini, na jibu lilipokuja kinyume cha matarajio yao walilichapisha. Wala matokeo haya hayasemi kwamba dripu ni sumu. Watoto wenye kuharisha hawakuingizwa katika utafiti huu. Aliyekauka kwa kuharisha bado anahitaji maji, ORS ya kunywa kwanza, na mshipani akiwa amekauka sana au akishindwa kunywa.

Majuzi, katika wodi moja ya mkoani, nilimwona bibi akiikodolea macho chupa iliyotundikwa juu ya mjukuu wake. Tone. Kimya. Tone. Akanyoosha mkono hadi kwenye kile kigurudumu cha mpira wa dripu, akakisukuma kidogo, matone yakaanza kukimbizana.

"Bibi, nani kaifungulia hii?"

"Mwanangu, ilikuwa haishuki. Nimeisaidia."

Nesi hakugomba. Alirudisha kigurudumu mahali pake, akahesabu matone kwa saa ya mkononi, akabandika kipande cha plasta kwenye chupa na kuchora mstari mahali maji yalipofikia. Pembeni akaandika: saa nne na robo.