Piloti Anaona Njia Wapi mu Mawingu?

Ndugu wachimbaji, na ninyi mama na watoto ku nyumba, juzi tulikuwa mu ndege kwenda Kinshasa ku mukutano, kijana mmoja wa ekipe yetu akaniuliza: «Baba, inje ni mawingu tu. Piloti anaona njia wapi?» Nikamwambia: kumbuka siku taa inakuzimikia mu galeri.

Mzee wa shimo haoni kitu, lakini anajua: nilitoka ku mlango, nikatembea hatua mia mbili, nikageuka kuume, nikapanda kidogo. Hesabu ile njo kazi ya mtambo wa ndani ya ndege, ule mafundi wanaita inersi. Hauombi mtu wa inje. Muna vipimo vya kusikia namna ndege inasukumwa na namna inageuka. Kugeuka kunapimwa na mwangaza wa laseri. Mbele ya kuondoka piloti anauambia mahali alipo, na ndege inatulia dakika kama 10, mtambo utafute kaskazini wenyewe. Akikosea pale, makosa yanaruka naye.

Tena, hata mzee, hatua zake haziko sawa zote. Inersi peke yake inapotea kilometa moja ao mbili kila saa. Tukifika Kinshasa, tungekuwa pembeni kilometa kama tatu.

Satelite za GPS ziko juu kilometa zaidi ya 20.000. Ndege inasikia nne ao zaidi, inapima wakati ishara imetumia mu njia, inajua iko wapi kwa metre chache, na makosa hayakusanyiki. Lakini ishara inafika ikiwa zaifu sana, mwenye redio ya nguvu huku chini anaweza kuifunika. Shimoni haifiki kabisa, munajua.

Kwa hiyo kompyuta inaoanisha zote mbili: inersi inahesabu bila kupumzika, satelite inairekebisha. Satelite ikipotea, inersi inaendelea kutoka pale.

Mimi kitu kinaniuma ni habari ya 1983, wakati ndege za raia hazijapata GPS. Boeing 747 ya Korean Air Lines ilitoka Anchorage kwenda Seoul na inersi tatu, zote nzima. Mu shimo, ajali ikitokea, tunatafuta kwanza mashini ile ilivunjika. Pale hakuna ilivunjika: uchunguzi ulionyesha kwamba piloti otomatike haikuzifuata, ilishika tu upande mmoja wa busola, saa zaidi ya tano, bila mtu kugundua. Ikapotea kilometa zaidi ya 500, ikaingia anga ya Umoja wa Sovieti, ndege ya vita ikaipiga tarehe 1 Septemba. Watu 269, hakuna aliyepona. Mwezi ule ule Marekani ikatangaza kwamba GPS, iliyokuwa ya waaskari, itafunguliwa kwa raia ikikwisha kujengwa.

Na leo kuna wanaoisumbua. Mwaka 2024 Finnair ilisimamisha safari za Tartu, mu Estonia, karibu mwezi mzima. Angani inersi ilitosha, lakini kushuka mu mawingu na makosa ya kilometa moja, hapana. Safari zilianza tena kiisha kiwanja kupata njia ya kushuka inayofuata redio za ku udongo.